Kiholanzi: Gonga Mwanzo wa Neno
Matokeo yametoka. Staatsexamen NT2 (mtihani wa serikali wa Kiholanzi kama lugha ya pili), programu ya II, sehemu ya kuongea: nimefaulu! Na wewe uliyeniandikia ukiuliza mbona hapo Rotterdam ukifungua mdomo tu unajibiwa Kiingereza, nakuelewa. Kuna mhudumu wa mapokezi alikuwa akinigeuzia Kiingereza kabla sijamaliza sentensi, na sarufi yangu imenyooka. Hadi leo nikimkumbuka napandwa na hasira.

Tatizo ni mkazo. Mswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hata akiwa usingizini. Kwa hiyo ziekenhuis (hospitali) ulimi unataka kuliita zie-KEN-huis. Wenyewe wanasema ZIE-ken-huis, na hiyo "ken" wanaimeza. Daktari wa familia ni HUIS-arts, wa meno TAND-arts. Maneno mawili yakiunganishwa, kwa kawaida la kwanza ndilo bosi. Hata dude kama verzekeringsmaatschappij, kampuni ya bima, lisikutishe: mkazo mkuu unabaki palepale ulipokuwa kwenye verzekering, yaani ver-ZE-ke-ring, na maatschappij inafuata kwa sauti ya chini.

Lakini huwezi kujua la kwanza linaishia wapi kama hujui kulikata. Hapa ndipo wengi mnapokimbilia programu za simu, mnabofya picha za tufaha mwaka mzima. Chukua massagebed. Ukikata massage-bed, mkazo unakaa kwenye SA, na hicho ni kitanda cha kukandwa. Ukikata massa-gebed, mkazo unahamia MAS, hata g inabadilika na kukwaruza kooni, na sasa unazungumzia sala ya umati. Herufi ni zilezile! Kwa hiyo kata kwanza, halafu gonga mwanzo. Penseli mkononi, kila neno refu, kila siku. Het Groene Boekje, orodha yao rasmi ya tahajia, inaonyesha pa kukatia silabi. Itumie, acha uvivu.

Wapo wakaidi, hao ni wa kukariri tu: ukumbi wa manispaa ni stad-HUIS, sukumawiki yao ni boe-ren-KOOL. Meya, bur-ge-MEES-ter, ametuonea huruma Waswahili: mkazo wake uko pale pale tunapopenda.