Mwambie kabla hajajiambia mwenyewe

Wengi mnaosoma ukurasa huu mnajua kwamba ninaishi na MS, yaani multipo sklerosisi kwa jina lake refu, ugonjwa wa mishipa ya fahamu ya ubongo na uti wa mgongo, tangu 2008, na kwamba wanangu watatu nimewalea nikiwa nayo hapa hapa Tanga. Ndiyo maana barua za aina hii huletwa kwangu. Mwezi huu ziko tatu. Ya kwanza nimekaa nayo siku nne kabla ya kushika kalamu.

*Shikamoo dada. Nina miaka 34 na watoto wawili, wa kike ana miaka 9, wa kiume 4. Mwaka jana, baada ya kuhangaika sana na ganzi ya miguu, nilipigwa kipimo cha MRI nikaambiwa nina MS. Mume wangu hataki watoto waambiwe. Anasema ugonjwa wenyewe hauna dawa, tutawatia hofu bure. Mama mkwe anasema nimetupiwa kitu, anataka twende kwa mtaalamu kijijini. Watoto tunawaambia mama amechoka. Sasa huyu mkubwa ameanza kuamka usiku, anakuja kusimama mlangoni kwetu. Nikimuuliza anataka nini, anajibu hakuna. Nifanyeje?*
*Mama wa Wawili, Morogoro*

Marahaba mdogo wangu. Nadhani binti yako anakuja kusikiliza kama unapumua. Wangu alifanya hivyo hivyo, na mimi nilichelewa kuelewa.

Kwangu ulianzia jichoni, 2006. Jicho la kulia liliuma kila nikiligeuza, na kanga yangu nyekundu nikiitazama kwa jicho hilo pekee ilionekana imechujuka, kama tofali la zamani. Nikapewa miwani, nikarudi nyumbani. Ilipita miaka miwili, mguu ukaanza kuburuta, ndipo nikapelekwa Dar es Salaam kwa vipimo. Binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka 8. Tulimwambia maneno hayo hayo yenu, mama amechoka.

Siku moja niliinuka kwenye mbuzi baada ya kukuna nazi, mguu haukuitika, nikaanguka pale pale jikoni na machicha yote yakanimwagikia. Alikuwa mlangoni, akaona. Tangu siku hiyo mtoto alibadilika. Aliacha kucheza rede na wenzake, akawa anafagia uwanja bila kutumwa, na kelele zake zikaisha. Mimi nikamsifu! Nikasema mwanangu amekua. Miezi mitano baadaye mwalimu akaniita, mtoto haandiki darasani, anatazama dirishani tu.

Jioni ile nilitandika mkeka uani, nikamkalisha karibu, nikamuuliza nini kinamsumbua. Alilia kwanza. Kisha akasema, "Mama, ile chupa ya chai niliivunja mimi." Ilibidi nifikiri sana ndipo nikumbuke. Siku moja kabla sijaanguka chupa ya chai ilivunjika, nami kwa hasira nikasema yale tunayoyasema wazazi kila siku, "Nyinyi watoto mtaniua." Kesho yake akaniona chini. Miezi mitano mtoto wa miaka 8 aliamini ameniua na kwamba kinachosubiriwa ni siku tu.

Kwa hiyo mwonyeshe mumeo ukurasa huu. Hofu ipo tayari ndani ya nyumba yenu. Mtoto asipoambiwa hujitungia lake, na analojitungia huwa baya kuliko ukweli.

Mimi nilitumia redio ya baba yao. Waya wake ulikuwa umetafunwa na panya, gamba la nje limetoka, na redio ilikuwa inasema, inanyamaza, inasema tena. Nikamshikisha binti yangu pale palipotafunwa. Nikamwambia mwilini mwa mama kuna nyaya zinazotoka kichwani na kupita mgongoni hadi miguuni, na zina gamba kama hili. Askari wanaolinda mwili wamekosea, wanalitafuna gamba hilo badala ya kupigana na maradhi. Mguu wangu ukinyamaza ni kama redio. Hakuna mtu aliyeufanya hivyo kwa kuvunja chupa. Hata madaktari wenyewe huueleza ugonjwa kwa njia hiyo: kinga ya mwili hushambulia mailini, yaani gamba la mafuta linalofunika mishipa ya fahamu ya ubongo, ya uti wa mgongo na ya macho.

Aliniuliza swali moja tu: "Utakufa?" Nilimjibu, "Ugonjwa huu si wa kuniua kesho. Watu wanaishi nao miaka mingi. Nikizidiwa nitakwambia mimi mwenyewe, hutasikia kwa mtu mwingine." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyomrudishia usingizi, nami nimeitimiza mpaka leo. Huyo wako wa miaka 4 hahitaji redio. Mwambie miguu ya mama inachoka haraka, si kosa lako, na kesho baba ndiye atakayekubeba.

Mumeo anasema hauna dawa. Dawa ya kuuondoa kabisa haipo, kweli. Zipo za kupunguza mashambulio, yaani zile nyakati ugonjwa unapozuka upya, na 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu katika orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Muulizeni daktari wa mishipa ya fahamu ni ipi mnaweza kuipata na kwa bei gani, na muulize mapema, kwa sababu kinachoharibika mara nyingi hakirudi chote.

Mama mkwe usigombane naye. Anaogopa kumpoteza mama wa wajukuu wake. Mwambie kwa adabu kwamba ugonjwa huu ulielezwa na kupewa jina Paris mwaka 1868 na daktari Jean-Martin Charcot, na kwamba leo wanaoishi nao duniani ni zaidi ya milioni 2. Kisha mpe kazi. Mama mkwe wangu nilimwomba awe anakuja kusuka nywele za mabinti siku za Jumapili, maana vidole vyangu vilikuwa na ganzi. Alisuka miaka sita, na habari ya kutupiwa kitu sikuisikia tena.

Kuhusu kazi za nyumbani, mkubwa aoshe vyombo, achote maji, kama mtoto yeyote. Asikuogeshe, asiwe mtunza dawa zako, na asikose shule hata siku moja kwa ajili yako. Hapo mimi sikubali mjadala. Akishakuwa muuguzi wako, utoto wake umekwisha.

Na joto, mdogo wangu. Januari na Februari huku kwetu mimi hupika alfajiri, na kanga nailoweka maji naitia shingoni. Joto hufanya macho yafifie na miguu iwe mizito, ila ukipoa hupungua, na halijaharibu kitu. Homa nayo hufanya hivyo. Ukizidiwa ghafla pima malaria na mkojo kwanza. Dalili mpya ikikaa zaidi ya saa 24 bila homa wala joto, hiyo mpigie daktari, usingoje kliniki ya mwezi ujao.

*Assalaam alaikum dada. Mke wangu ana miaka 31, ana MS, na tuna mtoto mmoja. Yeye anataka wa pili. Dada zangu wanasema mimba itammaliza. Anatumia vidonge kila siku. Tusikilize nani?*
*Baba Mmoja, Mombasa*

Waalaikum salaam ndugu yangu. Msikilize mkeo na daktari wake, wakikaa pamoja nawe ukiwepo. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa nchi kadhaa za Ulaya uliofuatilia wanawake 254 wenye MS katika ujauzito wao. Mashambulio yalipungua, hasa miezi mitatu ya mwisho. Yaliongezeka miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua, kisha yakarudi kama zamani. Mimba yenyewe haikuwamaliza.

Ila hivyo vidonge ndivyo vya kuzungumza kabla hajashika mimba. Teriflunomidi, kwa mfano, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, nayo hukaa mwilini muda mrefu baada ya kuachwa. Fingolimodi nayo haifai kwa mimba, lakini ikikatizwa ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo. Kwa hiyo asiache mwenyewe nyumbani.

Fikiria zaidi miezi ile mitatu ya baada ya kuzaa, maana hapo ndipo utakapotakiwa wewe. Sisi watu wa Pwani tuna arubaini yetu, na mzazi hukandwa kwa maji ya moto sana. Mimi katika uzazi wangu wa tatu nilikandwa siku ya kwanza nikashindwa kusimama, miguu ikawa uji. Bibi aliyenikanda alishtuka kuliko mimi. Tukakubaliana maji ya uvuguvugu, feni ikiwaka, na arubaini ikaenda vizuri. Zungumzeni na mkandaji mapema. Usiku mtoto akilia inuka wewe, mlete kwa mama anyonye, kisha umrudishe wewe. Kunyonyesha ni kuzuri akiweza, na zipo tafiti zinazoonyesha wanaonyonyesha bila kuchanganya maziwa mengine hupata mashambulio machache, mradi dawa atakayokuwa anatumia iruhusu.

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 16. Mama yangu ana MS na mimi ndiye namsindikiza sokoni kila Jumatano. Nimesikia ni ya kurithi. Na mimi nitaipata? Sijamuuliza mama, nisimhuzunishe.*
*Binti, Dodoma*

Marahaba mwanangu. MS haiambukizi, na hairithiwi moja kwa moja kama rangi ya macho. Kati ya watoto 100 wenye mzazi mmoja mgonjwa wa MS, wanaoipata ni wawili au watatu. Hao wengine 97 hivi hawaipati. Sigara huongeza hatari, basi usiiguse.

Muulize mama. Naamini swali hilo analo moyoni tangu alipopewa jina la ugonjwa, na anaogopa kukuhuzunisha wewe.

Mwisho wa barua yako umeandika, kwa herufi ndogo, kwamba mazoezi ya netiboli nayo ni Jumatano. Sokoni kunaweza kuwa Alhamisi, au aende mtu mwingine. Jumatano hii nenda mazoezini. Mwambie mama umetumwa na mimi.