Maswali ya Wasomaji: ttyS0 Kimya, ttyUSB0 Haionekani

SWALI: Natumia Linux ya Ubuntu 22.04. Amri ya tty, inayotaja jina la terminali niliyomo, dirishani hunipa /dev/pts/0. Nikibonyeza Ctrl+Alt+F3 na kuingia, napata /dev/tty3. Sasa nimeunganisha ruta kwa kebo ya konsoli ya USB, nikafungua /dev/ttyS0, kimya! Kosa liko wapi?
Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Umefungua kifaa kingine kabisa. tty1 hadi tty63 ni konsoli pepe zinazopokezana skrini na kibodi ileile. tty0 si ya kwanza kati yake. Ni ile iliyo mbele yako wakati huo. pts/0 huzaliwa ukifungua dirisha au ukiingia kutoka mashine nyingine kwa ssh, na hutoweka ukifunga.

ttyS0 ni poti ya siriali ya kompyuta yenyewe. Usidanganywe na jina: Linux huliweka hata kwenye laptopu isiyo na poti hiyo. Kebo ya USB hupewa ttyUSB0, au ttyACM0, kutegemea chipu yake. Ichomeke, kisha andika sudo dmesg | tail, inayoonyesha ujumbe wa mwisho wa mfumo, usome jina lililotokea. Halafu:

screen /dev/ttyUSB0 9600

Kasi ya 9600 (biti kwa sekunde) ndiyo ya kawaida kwa ruta za Cisco. Zikitokea herufi zisizosomeka, kasi hailingani. Ukikataliwa kwa Permission denied, jiunge na dialout, kundi lenye ruhusa ya poti hizi: andika sudo usermod -aG dialout $USER, kisha utoke kabisa na kuingia upya. Kufunga dirisha tu hakutoshi.

Toleo lako lina mtego unaopotezea watu muda mwingi. dmesg ikionyesha ttyUSB0 imeunganishwa kisha ikakatika papo hapo, chunguza kama kebo ina chipu ya CH340. brltty, programu ya vifaa vya Breli, huidhania kuwa kifaa chake na kuinyakua. Kama hakuna asiyeona anayeitegemea mashine hiyo, andika sudo apt remove brltty, chomoa kebo, uichomeke tena.

SWALI: Nimeweka FreeBSD na sioni tty1. Imeenda wapi?
Msomaji, Nakuru

JIBU: FreeBSD si Linux, na huko hakuna jina hilo. Alt+F1 ni ttyv0, Alt+F2 ni ttyv1, kwa hiyo nambari hubaki nyuma kwa moja. Kwa kebo ya USB tumia cu -l /dev/cuaU0 -s 9600, na kundi la ruhusa ni dialer. Angalia U kubwa: cuau0, yenye u ndogo, ni poti ya siriali ya mashine yenyewe.