Kuisogeza taimingi mbele au kuiwahisha?

SWALI: Msomaji wa Moshi anayejifunza ufundi magari anauliza: "Fundi wetu husema 'iwahishe taimingi kidogo'. Kijitabu changu kilichotafsiriwa kinasema 'sogeza taimingi mbele'. Je, ni kitu kimoja? Na tuseme taimingi imewahi au limewahi?"

JIBU: Mfuate fundi wako. Taimingi ni wakati ambao plagi inarusha cheche ya kuwasha mafuta. Hicho kijitabu kinaweza kukuharibia injini.

Kwa Kiswahili, kikao cha Jumatatu kikisogezwa mbele hakuna atakayekwenda Jumapili. Atakwenda Jumatano. Kusogeza mbele, tunapozungumzia muda, ni kuahirisha. Mfasiri alikuta neno la Kiingereza "advance", lenye sura ya kwenda mbele, akalihamisha lilivyo, na maana ikapinduka. Linalotakiwa pale ni cheche iruke mapema zaidi, kabla pistoni haijafika juu kabisa. Hiyo ni kuwahisha. Kinyume chake ni kuchelewesha. Vitenzi hivi viwili havina utata, na gereji nzima inavielewa.

Tena kwenye distributa yenyewe, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi, "mbele" inapotosha mara ya pili. Ukiizungusha distributa kufuata upande inakozunguka rota (kipande kinachozunguka ndani yake), umechelewesha cheche. Ukiizungusha kwenda kinyume cha rota, umewahisha. Mwanafunzi aliyeambiwa "sogeza mbele" atafuata rota, gari litakosa nguvu na kuchemsha, naye ataapa kwamba ametii maelekezo.

Tuchukue Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE, ili uone maneno yanavyofanya kazi. Injini ipate moto kwanza, kisha zima AC na taa. Klipu nyekundu ya tochi ya taimingi ishike chanya ya betri, nyeusi ishike hasi, na koleo lake libane waya wa plagi namba 1, silinda iliyo upande wa mkanda. Nyaya zikae mbali na feni. Paka chaki kwenye mkato mdogo wa puli ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Chini ya boneti kuna kiboksi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS: unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Bila kuunganisha, kompyuta inaendelea kuwahisha na kuchelewesha yenyewe, nawe unaseti juu ya namba isiyotulia.

Sasa mulika puli. Tochi inawaka kila plagi namba 1 inapopiga, kwa hiyo ule mstari wa chaki unaonekana umesimama ingawa puli inazunguka. Unatakiwa usimame kwenye nyuzi 10 kabla ya sifuri (sifuri ni pale pistoni inapofika juu kabisa). Usipokuwepo, legeza bolti za distributa kwa spana namba 12, kiasi cha kuiwezesha kusogea kwa mkono tu, uizungushe taratibu. Nyuzi 1 ya distributa ni nyuzi 2 za puli, maana distributa huzunguka nusu ya mwendo wa krenki. Kaza, mulika tena (kukaza huwa kunaihamisha), ndipo utoe ule waya.

Nyuzi hizo 10 ni muda pia. Injini ikiunguruma kwa mizunguko 800 kwa dakika, ni kama sehemu 2 kati ya 1,000 za sekunde. Ndiyo maana "kuwahi" linafaa kuliko neno lolote la mahali.

Angalizo moja la sarufi: "kuwahi" likifuatwa na kitenzi kingine hubeba maana ya kupata kutokea. "Cheche imewahi kuruka" inaweza kueleweka kwamba iliruka siku moja huko nyuma. Kwenye kadi ya kazi andika "cheche inawahi mno" au "taimingi imewahi kwa nyuzi 6". Dalili yake ni injini kugonga ukipanda mlima kama wa Marangu, au stata kurudishwa nyuma wakati wa kuwasha. Ikiachwa hivyo, pistoni inaweza kutoboka.

Kuhusu upatanisho: taimingi, kama betri na plagi, iko ngeli ya i-/zi-. Taimingi imewahi, taimingi imechelewa. "Limewahi" ni la gari, na gari likiwahi limefika stendi mapema.

Mafundi wa Arusha wana sababu ya ziada ya kuyatunza maneno haya. Mji uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta huvumilia kuwahishwa kidogo zaidi. Gari hilohilo likishuka Dar es Salaam na mzigo, linaweza kuanza kugonga. Mteja akiondoka, muandikie: "Ukifika Pwani likagonga, taimingi icheleweshwe nyuzi 2." Ukimwandikia "rudisheni nyuma", fundi wa kule atakayekumbuka vikao ataiwahisha.