Jibu: Nyanya zinanyauka na maji nanunua kwa ndoo, nifanyeje?

Ndugu yangu, acha kumwagilia juujuu. Kwa jua la Dodoma, maji mengi yanapotea kabla hayajafika kwenye mizizi. Tafuta chungu cha udongo kisichopakwa rangi, hata kikuukuu, mradi hakina ufa. Kifukie hadi shingoni katikati ya miche, kijaze maji na ukifunike vizuri mbu wasizaliane humo. Maji yanapenya ukutani taratibu: udongo ukikauka yanatoka zaidi, ukilowa yanapungua yenyewe. Mimi hii ndiyo naiamini kuliko zote.

Chungu hakuna? Chukua chupa ya lita 1.5, toboa kifuniko kwa sindano ya moto, kata kitako, ifukie kichwa chini. Tandaza na nyasi kavu, zisiguse shina. Maji uliyooshea mchele mwagia tu, ila ya sabuni ya unga usithubutu, chumvi zake zinaharibu udongo.