Sekunde arubaini za sauti yangu

Miaka michache nyuma nilimharibia mama mmoja biashara kwa sekunde arubaini tu. Alikuwa akiuza viazi karai na bajia kando ya njia ya feri, upande wa Likoni, Mombasa. Jioni moja WhatsApp ikaniletea ujumbe usio na mwenyewe: wauza viazi wa kivukoni wanakaangia mafuta ya transfoma za umeme. Wizi wa mafuta hayo si habari ngeni Kenya, basi nikaamini.

Lau ningeusambaza vivyo hivyo, pengine ungepotea kati ya kadi za arusi na tanzia. Lakini nilirekodi kwa kinywa changu: "Jamani, yule mama wa pale mwembeni, jihadharini naye." Ujumbe haukumtaja mtu. Mama nilimwongeza mimi.

Siku ya tatu karai lake lilikuwa limefunikwa. Barazani mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulimuona na hayo mafuta?" Nikainamia kikombe cha kahawa.

Tumezoea kuogopa redio, na tuna sababu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, redio RTLM ya Rwanda ilikuwa ikitaja watu hewani ili wasakwe. Kwetu, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimfikisha mtangazaji Joshua Sang mahakamani The Hague, ingawa kesi yake ilikomeshwa Aprili 2016. Lakini redio ina ofisi, unajua uende wapi ukalalamike. Kikundi cha mtaa kina admini aliyelala. Tena mimi walionisikia ni majirani. Waliitambua sauti, hawakuona haja ya kuuliza. Sauti hiyohiyo, mtoto alipopotea sokoni Kongowea, ilitoa watu majumbani kabla ya magharibi. (Alipatikana, alhamdulillahi.)

Siku hizi nikiona vile vishale viwili juu ya ujumbe, alama kwamba umepitia mikono mingi, namuuliza aliyenitumia: nani aliona? Tangu Aprili 2020 WhatsApp yenyewe hairuhusu ujumbe wa namna hiyo kupelekwa zaidi ya mahali pamoja kwa mpigo. Ukirekodi upya kwa sauti yako kama nilivyofanya mimi, kizuizi hicho hakikugusi.

Na ukishakosea, rekebisha kwa njia ileile uliyoharibia. Kwanza niliandika "samahani kwa usumbufu", watu wakaweka dole gumba wakapita. Ikabidi nirekodi tena: nilisema uongo, yule mama sikumuona na chochote. Usitie "kama nimemkosea mtu". Unajua umemkosea nani. Nilipeleka kwenye kila kikundi nilichokijua. Rekodi ya kwanza ilikuwa imeshafika Ukunda, na huko sina mtu.

Aliporudi kazini nilikwenda mchana, watu wakiwa wengi, nikala nimesimama. Alinipimia viazi vya shilingi 50, akanitilia ukwaju, akapokea pesa. Salamu yangu hakuijibu.