Pesa ijikate yenyewe kila mwezi? Nilivyofanya kwenye maji ya kisima

Ndugu uliyeuliza, una nyumba 140 unazozoa taka, umechoka kupiga simu za kudai na unataka pesa ijikate yenyewe. Mimi nauza maji ya kisima hapa Kisauni, Mombasa, nina mita za wateja 180 na ushei. Pesa ya mtu kwenye M-Pesa haitoki bila ridhaa yake. Kwa upande wako, kinachoweza kujiendesha ni kudai, na kujua nani kalipa. Hilo la pili ndilo lenye kazi.

Nilianza na till, ile namba ya kulipia dukani ambayo mlipaji haandiki akaunti. Mwisho wa mwezi nakesha na daftari, meseji chungu nzima, huyu ni nani? Bi mkubwa wa mita 47 hulipiwa na mwanawe wa Nairobi, jina latoka la mwana. Na siku hizi mfumo wako wa kompyuta hupewa namba ya mlipaji ikiwa imefichwa, basi usitegemee namba ya simu.

Nikahamia Paybill, ambayo mlipaji huandika na akaunti anayolipia, nikafanya namba ya mita iwe ndiyo namba ya akaunti, nikaipaka rangi kwenye kila mita. Mwezi wa kwanza watu wakaandika "maji", "nyumba ya mnazini", mmoja kaandika "shikamoo"! Mwambie kijana wako wa programu aombe uhakiki wa akaunti uwashwe kule Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Akaunti isiyojulikana hukataliwa, na pesa hubaki kwa mteja. Usipoomba, haiwaki.

Lile ombi la kuweka PIN linalochomoza kwenye simu nilikuwa nalituma alfajiri tarehe 1. Watu wamelala, ombi lafa baada ya muda mfupi. Sasa nalituma tarehe 5, saa moja jioni, mara moja tu.

Ipo pia M-Pesa Ratiba, iliyoanza 2024, mteja mwenyewe hupanga kiwango kile kile kijikate kila mwezi. Mimi hainifai, maji hupanda na kushuka. Wewe wa taka bei moja, wahimize wateja.

Kisa changu: stima ilipotea, kompyuta ikazima, taarifa za malipo 23 hazikuingia. Asubuhi fundi akamfungia maji mzee aliyelipa jana yake. Akanionyesha meseji, nikakosa pa kuuweka uso. Tangu hapo kila usiku taarifa ya Paybill hulinganishwa na mfumo kwa ile namba ya muamala yenye herufi na tarakimu 10. Ikijitokeza mara mbili, yahesabiwa moja.

Makato ya M-Pesa nayabeba mwenyewe. Nilijaribu kuwaachia wateja, wakaja mlangoni mmoja mmoja kuuliza shilingi zao zimekwenda wapi.