Mkekani na Bi Nesi: Mtoto analala na viatu

SWALI: Bi Nesi, shikamoo. Ninamlea mtoto wa marehemu mdogo wangu, mvulana wa miaka tisa. Mwaka jana, mwezi wa Ramadhani, walikuwa safarini, basi dogo likapinduka, mama yake akafia palepale na yeye yuko kando yake. Mwenyewe alitoka na michubuko tu. Tulimwambia mama kasafiri. Picha zote nimezifungia sandukuni na hapa nyumbani tumekatazana kulitaja jina lake. Sasa mtoto anakojoa kitandani, akisikia honi anajibanza ukutani, na shule anakwenda kwa miguu maana daladala hapandi. Usiku analala na viatu. Nikimvua akiwa usingizini anaamka na kupiga mayowe. Mume wangu anasema mtoto husahau, tumpe muda. Ustadhi wa madrasa kamsomea. Jirani anasema nimpeleke kwa mnasihi, lakini naogopa. Tukianza kuyazungumza, si ndiyo tutakuwa tunatonesha kidonda? — Mama Mkubwa, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na mdogo wako. Barua yako nimeisoma mara mbili, na hakuna mstari hata mmoja unaosema kwamba na wewe umefiwa.

Hilo la kutonesha nimelisikia mno katika miaka yangu 31 ya unesi. Kidonda mnachokiogopa kiko wazi tangu siku ile, na kila honi inakitonesha. Mlichofanya kwa kunyamaza ni kumwachia akiuguze peke yake, gizani, na viatu miguuni.

Jambo la kutisha likimkuta mtu, mara nyingi halikai kichwani kama habari iliyopita. Linabaki vipande vipande: harufu ya dizeli, kioo kinavunjika, sauti ya mtu. Kipande kimoja kikiguswa, mwili unaona mambo yanatokea sasa hivi, moyo unakwenda mbio, mkojo unatoka. Huyu hana ukaidi wala hajapandwa na kitu. Kisomo sikipingi, nami nyumbani kwangu kinasomwa. Ila akishasomewa, bado kuna mahali pa kumpeleka.

Niliwahi kukaa na binti wa umri kama huo, naye mama yake alifia barabarani. Kwa miezi hakuna aliyemuuliza kitu. Siku alipojisikia tayari alinihadithia tangu asubuhi ile walipofunga mlango, nami naandika, kila juma kipande kidogo. Tulipofika kituo cha mwisho kabla ya ajali akanyamaza. Nikangoja. Akasema alimwomba mama amnunulie mahindi ya kuchoma dirishani, gari likachelewa kuondoka kwa ajili hiyo, na kama asingeomba mahindi lile lori wasingekutana nalo. Mwaka mzima mtoto alikuwa anajijua kuwa ndiye muuaji wa mama yake, na watu wazima sote tunapita huku na huku tukisema amesahau. Ukinyamaza, hutajua mwanao kabeba mahindi gani.

Kazi hiyo ina utaratibu wake, sikuibuni mimi. Ilitungwa Marekani na Judith Cohen, Esther Deblinger na Anthony Mannarino, na huku kwetu imepimwa kwa makini. Watafiti wa vyuo vikuu vya Washington na Duke, pamoja na wenzao wa hapa, waliwachukua yatima 640 wa miaka 7 hadi 13, nusu kutoka Moshi na nusu kutoka Bungoma nchini Kenya, mjini na vijijini, wote wenye dalili kama za mwanao. Kwa kura, wengine walibaki na huduma ambazo yatima wa maeneo yao hupata siku zote. Wengine walipata vikao 12 vya kikundi, kimoja kila juma, na vitatu au vinne vya mtoto peke yake, ambapo ndipo kisa chenyewe kinasimuliwa. Walezi nao walikuwa na kikundi chao. Na waliowahudumia hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa.

Matokeo yalichapishwa 2020. Vikao vilipokwisha, waliohudhuria walikuwa na nafuu zaidi ya wenzao katika maeneo matatu kati ya manne. Moshi vijijini ndiko tofauti haikuonekana. Mwaka mmoja baadaye, Bungoma tofauti ilikuwa bado ipo, ila Moshi makundi mawili yalikuwa yamelingana, maana hata wale wa huduma za kawaida walikuwa wamepata nafuu. Nakuambia na hilo ili asije mtu akakuuzia muujiza. Lakini hofu yako, kwamba mtoto akizungumza ataharibika, sijaiona katika utafiti huo wala katika vikao vyangu. Wanalia, ndiyo. Baadaye wanaomba uji.

Sasa nyumbani. Kwanza mwambieni ukweli: mama alifariki siku ile, harudi. Neno "kasafiri" ni baya mno kwa mtoto aliyeogopa safari. Picha moja itoke sandukuni. Mpelekeni kaburini akitaka. Akianza kusema, msikilize. Akikoma, usimchimbe, hiyo ni kazi ya aliyefundishwa.

Daladala msimpandishe kwa nguvu. Mume wako akiniona mpole kupita kiasi, mwambie nimeshamshuhudia baba akimburuta mtoto hadi mlangoni mwa gari, na kilichofuata kilitugharimu miezi. Mnakwenda hatua kwa hatua. Juma hili mnasimama ng'ambo ya stendi mnakula embe. Halafu mnaligusa gari lililoegeshwa. Halafu mnakaa ndani injini imezimwa, wewe kando yake. Kituo kimoja. Viwili. Hofu ikipanda mnakaa hapohapo, mnapumua polepole mpaka ishuke yenyewe, ndipo mnashuka. Mkikimbia ikiwa juu, mmeilisha.

Na kitanda asichapwe kwa ajili yake. Weka nailoni chini ya shuka, basi.

Nenda hospitali ya wilaya au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ueleze kama ulivyonieleza mimi. Ukitajiwa kitengo cha afya ya akili usikimbie ukidhani unapelekwa Mirembe. Simu 116 ni ya bure, ya mambo ya watoto.

Viatu mwache navyo. Hujaniambia kama uliwahi kumuuliza. Muulize mchana, mkiwa mnachambua mchele, bila kumtazama usoni. Huenda alitoka kwenye gari lile peku juu ya vioo, huenda anataka awe tayari kukimbia. Anayejua ni yeye. Wewe vifute tope tu kabla hajapanda kitandani.

SWALI: Bi Nesi, siku hizi kila kitu mnakiita kiwewe, jeraha la moyoni, hata mtoto akichapwa. Sisi tulichapwa shuleni mpaka kaptula zinachanika na leo tuna kazi na familia. Huu utafiti wa Wazungu utatuharibia watoto. — Baba Watatu, Morogoro

JIBU: Utafiti wa Wazungu? Ule wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto ulifanyika hapahapa Tanzania mwaka 2009. Karibu robo tatu ya vijana walisema walipigwa kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu wasichana watatu katika kila kumi walifanyiwa ukatili wa kingono. Hao ni wa mtaani kwako.

Huko kwa Wazungu nako, mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha majibu ya maelfu ya watu wazima wa San Diego kuhusu utoto wao. Aina za mabaya zilivyoongezeka ndivyo ulevi, huzuni, hata maradhi ya moyo yalivyoongezeka ukubwani. Haina maana kila aliyechapwa ataugua. Umepona, nafurahi. Ila waliochapwa na wewe wakaishia kwenye gongo hawaniandikii barua.

SWALI: Mama, jambo. Nilivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 nikiwa na miaka saba, kutoka Congo. Niliona mambo sitayaandika. Sasa nina watoto, na mmoja akilia usiku mimi natoka nje, siwezi kubaki. Je, kwangu si muda umepita? — Mama wa Kigoma

JIBU: Jambo, mwanangu. Muda haujapita.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, akina Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, walitengeneza tiba kwa watu waliokutwa na mabaya mengi, si moja, na wakaitumia na wakimbizi nchini Uganda, watu wazima na watoto. Unapewa kamba, unaitandaza chini: mwanzo wake ni siku uliyozaliwa. Unaweka jiwe kwa kila baya na ua kwa kila jema, kwa mpangilio wa miaka. Jiwe kubwa, jiwe dogo, wewe unajua. Siku ya kwanza huelezi zaidi ya jina la kila jiwe. Vikao vinavyofuata mnarudi kwenye moja moja, polepole, mpaka hadithi yote iwe na mwanzo na mwisho. Msaidizi anaiandika na mwishoni unakabidhiwa maisha yako kwenye karatasi.

Usiifanye peke yako nyumbani. Ulizia kwa wahudumu wa afya au wa ustawi wa jamii huko Kigoma, ukisema wazi: nataka kuzungumza niliyoyaona utotoni, sitaki vidonge vya usingizi tu.

Na usiku, mtoto akilia, ukitoka nje mwambie mkubwa wake, "Mama anarudi sasa hivi." Kisha urudi kweli, hata kama ni baada ya dakika tano.